Karatasi ya Kumi na Nane

Tanbihi yenyewe ilikuwa mstari mmoja, tena wa herufi ndogo, chini kabisa ya ukurasa wa tisa, mahali ambapo wanafunzi wenzake hawakuwahi kufikisha macho: Jalada 47, karatasi ya 18. Basi, hakuna zaidi. Lakini binti aliyeiandika, ambaye nyumbani kwao walimwita Profesa kwa utani kabla hajamaliza hata mwaka wa tatu wa chuo, alikuwa na wiki tatu hali chakula kikashuka. Kila akiukumbuka mstari ule, nafsi ilimsuta.

Mwalimu wake wa historia alijulikana kwa wanafunzi kama Mama Tanbihi, na jina lilimkaa. Alikuwa mama mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na kazi za wanafunzi alizisoma kuanzia chini kwenda juu: tanbihi kwanza, maneno baadaye. Ukimpelekea insha tamu isiyo na marejeo, aliirudisha bila kufungua ukurasa wa pili. Siku ya kwanza ya muhula aliwaambia kwamba tanbihi ni ahadi. Unamwambia msomaji, nenda mahali fulani, fungua jalada fulani, utaikuta. Akienda asiikute, wewe ni mwongo, hata kama kila neno ulilosema ni kweli. Profesa aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake na kuyapigia mstari mara mbili, maana wakati huo alikuwa bado mtu mwema.

Sasa mwalimu huyohuyo alimwita ofisini kumpa mkono. Alisema hajasoma kazi ya mwanafunzi kama ile kwa miaka mingi, na kwamba itachapishwa katika jarida la idara, jina lake likiwa juu. Alisifu hiki, akasifu kile, mpaka Profesa akajiona amevikwa kilemba cha ukoka na anayemvika hajui. Kisha mwalimu akasema kwamba kesho yake angekwenda mwenyewe hifadhi ya nyaraka, aipige picha ile karatasi ya kumi na nane, ile orodha ya majina, ikae ukurasa wa mbele. Profesa akatabasamu, akashukuru.

Ukweli ni kwamba katika jalada lile hapakuwa na karatasi ya kumi na nane. Kulikuwa na ya kumi na saba, ikifuatiwa na ya kumi na tisa.

Utafiti wake ulihusu mgomo wa kiwanda cha nguo, uliotokea mwaka ambao bibi yake alikuwa na mimba ya baba yake. Wafanyakazi waligoma siku tisa. Siku ya kumi wakafukuzwa ishirini na watatu kwa mpigo, na hakuna aliyejua kwa hakika ni nani aliyewataja. Kwao Profesa, hata hivyo, walijua ni nani ambaye hakuwataja. Babu yake alikuwa karani pale kiwandani, na meneja alimwekea karatasi nyeupe mezani amwandikie majina ya viongozi. Babu akaiweka kalamu chini, akatoka. Hadithi hiyo ilisimuliwa kila ndugu walipokutana, na kila mwaka meza ya meneja ilizidi ukubwa. Babu alikwisha kufariki, lakini baba yake Profesa, ambaye ni fundi umeme, alikuwa bado akipewa mkono mitaani na wazee wa kiwanda kwa sababu ya kalamu ile iliyowekwa chini.

Halafu siku moja Bibi alimtuma Profesa amtafutie kadi ya kliniki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Kadi aliipata. Chini ya kadi, ndani ya bahasha ya kaki, alipata nakala ya kaboni ya barua iliyopigwa chapa, yenye majina ishirini na matatu yaliyopangwa kwa mstari, na chini yake saini ya Babu, ile yenye mkia mrefu aliyoizoea tangu alipokuwa mtoto. Alikaa sakafuni akaisoma mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akaipiga picha kwa simu, akairudisha, akampelekea Bibi kadi yake.

Angeweza kunyamaza. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba hakuna aliyemshika mkono. Lakini kazi yake bila ile orodha ilikuwa mifupa mitupu, na orodha ile ndiyo iliyoeleza kila kitu: nani alifukuzwa, kwa mpango gani, na kwamba majina yalitoka ndani. Alitaka alama nzuri, na alitaka Babu abaki alivyo. Alitaka vyote viwili, naye alikuwa na akili ya kutosha kuvipata, na hapo ndipo akili inapomponza mtu. Katika hifadhi alikwisha kusoma Jalada 47, barua za kiwanda kwa ofisi ya kazi, na aliona kwamba namba zilizoandikwa pembeni kwa penseli ziliruka kutoka kumi na saba hadi kumi na tisa. Labda aliyeziandika alipitiwa. Pengo lile lilikuwa limekaa tu, halina mwenyewe. Profesa akaiweka orodha ya Babu humo kwa maneno tu, ndani ya kazi yake, akaiacha saini, akaandika "karani mmoja wa kiwanda". Alijiambia kwamba mtu akiuliza, atasema aliiona, na nani atabisha?

Aliyebisha hakupatikana, na hilo ndilo lililokuwa baya.

Siku mbili baada ya kupewa mkono, Profesa aliitwa tena. Safari hii Mama Tanbihi hakuwa na tabasamu. Alisema amefika hifadhi, amefungua jalada, na karatasi haipo. Imeibwa, alisema kwa hasira, maana kwake karatasi kuibwa ilikuwa msiba. Watu siku hizi wanauza karatasi kama hizo kwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Yeye amekwisha kuripoti kwa mkuu wa hifadhi, na mkuu ameanza kumhoji mtunza nyaraka. Akamwambia Profesa asiwe na wasiwasi, kazi yake itachapishwa hivyohivyo, tena sasa ina thamani zaidi, kwa sababu yeye ndiye mtu wa mwisho aliyeiona ile orodha.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Lakini mwalimu alikuwa anamtazama kwa huruma, na Profesa akagundua kwamba ni rahisi kukiri mbele ya mtu aliyekukasirikia kuliko mbele ya anayekuhurumia. Akasema, "Sawa, mwalimu," akatoka.

Mtunza nyaraka yule wasomaji walimwita Mzee Penseli. Mlangoni mwa chumba cha kusomea alikuwa na kopo la biskuti, na kila aliyeingia aliiacha kalamu yake ya wino humo akapewa penseli iliyochongwa vizuri. Profesa mwenyewe aliwahi kupekuliwa mfuko wa shati. Akikuona umelamba kidole ili ugeuze karatasi, Mzee Penseli alikohoa mpaka ukaona aibu. Jalada ukilirudisha, alizihesabu karatasi zote mbele yako, moja moja, midomo ikimcheza, kisha akaweka alama ya vema kwenye fomu yako. Walimcheka, lakini walimpenda, na alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu.

Profesa alipofika pale kesho yake, alimkuta nje, kwenye benchi la wageni, mikono mapajani. Ndani, nyuma ya kaunta, alikaa dada mmoja wa masjala ambaye hakumwomba mtu kalamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kusoma? Leo utahudumiwa na dada pale. Mimi nimepumzishwa kidogo."

Alisogea ampishe nafasi, na Profesa akakaa, ingawa angependa ardhi immeze. Mzee alimweleza mambo yote kama mtu anayemweleza mwenzake wa ukoo. Walitaka kumshuku yeye Profesa, alisema, lakini aliwakatalia. Jalada alilipokea kwake kwa mikono yake mwenyewe, akahesabu, akaweka vema. Kama vema ipo, basi binti alirudisha karatasi zote. Na tangu siku ile hakuna msomaji mwingine aliyelichukua. Kwa hiyo imepotea mikononi mwake yeye, hakuna njia nyingine.

"Na siku ile ulihesabu ngapi?" Profesa aliuliza, akijua jibu.

Mzee alitazama mlango, akapunguza sauti. "Hapo ndipo panaponitisha. Mimi nakumbuka thelathini. Si siku ile tu, siku zote. Jalada lile kwangu ni thelathini tangu nilipoanza kazi. Lakini ya mwisho imeandikwa thelathini na moja, na wewe msomi uliiona ya kumi na nane kwa macho yako, ukaiandika. Basi hiyo thelathini yangu naitoa wapi?"

Profesa alifungua mdomo. Kilichotoka ni kwamba labda wote wawili walikosea kidogo, maneno ya kijinga yasiyomsaidia mtu yeyote.

"Wewe hukukosea," Mzee alimwambia kwa upole. "Ninyi vijana kichwa bado kizima."

Profesa akaondoka pale akitembea haraka, machozi yakimchuruzika hadharani bila aibu. Alijichukia. Mzee yule alikuwa ameikataa kumbukumbu yake ya maisha mazima ili aamini mstari mmoja wa herufi ndogo, na mstari wenyewe ni uongo. Alipofika kituoni alikuwa amekata kauli. Lakini kusema tu kusingetosha, wangemwona anamkingia mzee kifua. Ilibidi awe na ile karatasi yenyewe mkononi, saini na yote.

Bibi alikuwa chumbani kwake akijikanda magoti kwa mafuta. Alimwona mjukuu wake amesimama mlangoni haingii wala hatoki, akamtania kama kawaida yake kwamba mke mwenza akija bila hodi ana jambo. Profesa akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema anataka kuzungumza juu ya karatasi iliyo sandukuni.

"Nilijua umeiona," Bibi alisema. "Kadi ya kliniki haitafutwi nusu saa."

Akaendelea kukanda magoti, na huku akikanda akasimulia. Meneja alimwambia Babu kwamba ataandika yeye, au ataandikwa wa kwanza. Nyumbani walikuwa na watoto wawili wadogo na wa tatu tumboni. Siku ile Babu alirudi akasema amekataa, na yeye Bibi akajisifia kwa majirani mpaka kisimani. Alimwamini miaka kumi na mmoja, mpaka alipoikuta ile nakala imekunjwa ndani ya kitabu. Hakumuuliza. Naye Babu alijua kwamba amejua, kwa sababu tangu siku hiyo hakuisimulia tena hadithi yake mwenyewe, waliisimulia wengine.

"Mbona hukuichana?"

"Mara tatu nimeishika niichane, mkono ukakataa. Majina ya watu yale."

Profesa akamweleza habari za Mzee Penseli, bila kujipendelea wala kujipunguzia lawama. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunika chupa yake, akachukua mkongojo.

"Usiniombe ruhusa, mke mwenzangu," alisema. "Ukiniomba nitakunyima. Yule alikuwa mume wangu. Mimi natoka, nakwenda kuota jua."

Akatoka, na ufunguo wa sanduku ukabaki kitandani.

Baba ndiye aliyekuwa mgumu. Profesa alimwambia asubuhi iliyofuata, akimkuta anapiga pasi shati la kazini, na alimwonyesha karatasi kwa sababu hakutaka aisikie mitaani. Baba aliisoma amesimama. Akamrudishia, akashika tena pasi, akaipitisha kwenye kola, akairudisha, akaipitisha tena, kola ileile, mpaka ikaanza kutoa harufu. Alisema kwamba katika hao ishirini na watatu, wawili wako hai, na wote wawili humpa mkono kila anapopita. Profesa akasema anajua, na kwamba anaomba radhi.

"Nenda," Baba alisema bila kumtazama. "Utachelewa."

Ofisini kwa mkuu wa hifadhi alimkuta Mama Tanbihi, ambaye yeye Profesa alikuwa amemwomba aje, na Mzee Penseli, aliyekuwa amevaa koti. Mkuu, bwana mnene mwenye haraka, alimwambia kwamba amejisumbua bure, suala limekwisha. Mzee amekwisha kuandika barua na kuitia saini, amekiri kuipoteza ile karatasi kwa uzembe, na ataondoka mwisho wa mwezi huu badala ya kungoja miezi yake mitano. Hakuna polisi, hakuna kelele. Barua yenyewe ilikuwa mezani, mwandiko umenyooka, umeandikwa kwa penseli.

Profesa alipiga moyo konde, akaiweka nakala ya kaboni juu ya barua ile.

Alisema karatasi ya kumi na nane haijawahi kuwepo. Orodha ilikuwa nyumbani kwao chini ya kitanda, yeye ndiye aliyeitungia mahali pa kukaa. Mkuu aliuliza saini ile ni ya nani, akajibu, "Ya babu yangu," na aliposema hivyo aliona kwamba kumbe si neno zito la kutamka, uzito wake utakuja baadaye, mitaani, kwa Baba.

Mama Tanbihi alivaa miwani akaisoma orodha jina kwa jina. Alipomaliza hakufoka. Profesa alikuwa amejiandaa kwa kufokewa, akakosa pa kujishika.

"Ungeandika 'nyaraka za familia, jina limehifadhiwa'," mwalimu alisema. "Tunaruhusu. Kila mwaka kuna mwanafunzi anaandika hivyo. Ungekuja tu kuniuliza."

Akaongeza kwamba kazi ile ameifuta, haitachapishwa wala haitapewa alama, na mengine yataamuliwa na kamati ya chuo. Profesa akaitikia kwa kichwa. Aliona adhabu hiyo ni haki yake, tena alitamani iwe kubwa kuliko hiyo, imfunike kabisa.

Mzee Penseli hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo zilikuwa thelathini," alisema.

"Thelathini, mzee. Ulihesabu sawasawa. Nisamehe."

Mzee alimweleza mkuu, si Profesa, kwamba alikwisha kumwambia mkewe afiche funguo za nyumba. Binti yake anakuja Jumamosi kutoka mbali kumchukua akakae kwake, kwa kuwa amempigia simu mwenyewe na kumwambia kwamba kichwa kimeanza kumtoka, asiachwe peke yake na jiko. Wajukuu wameambiwa. Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi, kisha akaomba aletewe Jalada 47.

Dada wa masjala akalileta. Mkuu alimwambia mzee kwamba hakuna haja, mambo yameeleweka, barua itachanwa sasa hivi na kazini anarudi leo. Mzee akavua koti, akaketi, akalifungua jalada, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alizilaza karatasi moja moja upande wa kushoto, akizinyoosha kwa kiganja, na alipofika kumi na saba alisita. Iliyofuata imeandikwa kumi na tisa pembeni. Aliitazama muda mrefu. "Kumi na nane," akasema, akailaza, akaendelea mpaka karatasi ya mwisho.

"Thelathini," alisema.

Mkuu akasema, naam, thelathini, hongera mzee, imekwisha. Mama Tanbihi akamshika bega. Mzee akaitikia kwa kichwa, akazikusanya karatasi zote, akazigonga ukingoni mwa meza zikae sawa, akaziweka tena mbele yake. Profesa alidhani anafunga jalada. Lakini alichukua ile ya juu, akailaza kushoto, midomo ikaanza kucheza, na akaanza tena kuhesabu, kuanzia moja.